Gari likikataa kwenda: Sanda, njia ya Idodi na fundi aliyepima kwanza

Na Mwandishi Wetu

Habari ya msiba ilitufikia Iringa mjini tulipokuwa tumetoka tu katika swala ya Alfajiri. Shangazi yetu wa Idodi alikuwa amerejea kwa Mola wake usiku ule, na wazee wa huko walikubaliana maziko yawe baada ya Alasiri ili ndugu walio mbali wawahi. Sisi wa mjini tuliagizwa sanda na karafuu maiti. Maduka yalipofunguliwa tukanunua, tukaviweka nyuma ya gari, na saa nne asubuhi tukaondoka: mimi, mke wangu, mama na watoto wawili.

Tulipita Kalenga salama, tukapita Nzihi. Wanaoijua njia ya kwenda Hifadhi ya Ruaha wanajua kwamba kwa miaka mingi imekuwa njia ya vumbi na matuta madogo madogo yaliyojipanga kama bati la nyumba, yanayolitikisa gari mpaka meno yagongane. Katikati ya mtikisiko huo taa ya injini ikawaka, ile ya rangi ya chungwa, na gari likapoteza nguvu. Nilikanyaga pedali ya mafuta hadi chini, na injini ikaunguruma kwa unyonge kana kwamba amri yangu haikufika. Tulikuwa tunatambaa kwa mwendo ambao kijana wa baiskeli angetupita.

Nilisimama pembeni na kuzima. Nilipowasha tena, nguvu ilikuwa imerudi. Tukahimidi, tukaenda kilomita chache, tukaingia katika matuta mengine, na yakajirudia yale yale. Mara ya tatu nilimpigia simu fundi mmoja wa mjini. Alinisikiliza kwa muda usiofika dakika moja, akatoa hukumu: throto imekufa, inatakiwa nyingine ya mtumba, laki nne, nitume fedha aitafute aipakie katika basi.

Mama, aliyekuwa kimya muda wote, akasema, "Mwanangu, hilo la gari litasubiri. Maiti hasubirishwi." Tukaisimamisha Land Cruiser iliyokuwa ikielekea hifadhini, na dereva, Mwenyezi Mungu amlipe, akaichukua sanda na kuifikisha mikononi mwa shemeji zetu. Sisi tulitambaa nyuma yake, tukizima na kuwasha, tukafika Idodi wakati jeneza linatolewa nje kuswaliwa.

Nimeieleza safari hii kwa sababu gari lililotufanyia hivyo ndilo lililo katika nyua za familia nyingi leo: gari dogo la Kijapani la mtumba, lililotengenezwa baada ya katikati ya miaka ya 2000. Ugonjwa wake ni wa kawaida na mara nyingi tiba yake ni nafuu. Gharama kubwa hutokana na kubahatisha.

Katika magari ya zamani, pedali ya mafuta ilifungwa waya mgumu uliokwenda moja kwa moja hadi kwenye mlango wa hewa wa injini. Mlango huo, kibati cha mviringo kinachofunguka na kujifunga ndani ya bomba la chuma, ndio mafundi wetu wanaouita throto. Ulipokanyaga, mguu wako ndio uliovuta mlango. Waya ukikatika uliuona, na fundi yeyote aliweza kuufunga.

Tangu miaka ya mwisho ya 1980, BMW ilipoanza kuuondoa waya huo katika magari yake makubwa, watengenezaji wengine walifuata hatua kwa hatua. Sasa pedali ni mjumbe tu. Ndani yake mna sensa mbili zinazopima umekanyaga kiasi gani na kupeleka habari, kwa kiwango cha umeme kisichozidi volti 5, kwenye kompyuta ya gari, ambayo mafundi huiita kontroli boksi. Kompyuta hutafakari, kisha huiamuru mota ndogo iliyo ubavuni mwa throto ifungue mlango. Kwenye throto nako mna sensa mbili nyingine zinazoirudishia kompyuta jibu: mlango umefunguka kiasi hiki.

Msomaji atauliza kwa nini kila mahali sensa ni mbili. Jawabu lake atalielewa haraka yeyote aliyesoma mlango wa ushahidi. Kompyuta haikubali shahidi mmoja katika jambo linaloweza kuua. Sensa mbili hutoa viwango tofauti vya umeme kwa makusudi, lakini vyenye uhusiano unaojulikana. Kompyuta huvilinganisha wakati wote. Siku mashahidi wakipingana, haimsadiki yeyote. Hukata umeme wa mota ya throto, na springi hurudisha mlango mahali pa tahadhari, ukiwa umefunguka kidogo tu. Katika magari mengi ya Toyota uwazi huo ni wa nyuzi chache, sita au saba hivi. Gari hubaki na nguvu ya kujikokota hadi mahali salama, basi.

Kwa hiyo unyonge ule uliotuudhi ulikuwa kinga. Gari halikuwa limekufa. Lilikuwa limekataa kukimbia bila uhakika. Ubaya wake ni kwamba kinga hiyo haichagui mahali. Ikikukuta unapanda Mlima Kitonga na malori yapo nyuma yako, washa taa za tahadhari, shika upande wako, usijaribu kumpita mtu yeyote.

Asubuhi ya pili baada ya maziko, shemeji yangu alinipeleka kwa kijana mmoja anayetengeneza pikipiki na pawatila za wakulima wa mpunga chini ya mti, kando ya barabara. Alikuwa amesomea umeme wa magari, akarudi kijijini kwao. Nilimwamkua "Kamwene," akaitikia, kisha akaniuliza maswali ambayo fundi wa simu hakuniuliza. Nguvu inapotea gari likiwa la moto au la baridi? Katika barabara laini au kwenye matuta? Ukizima na kuwasha inarudi? Injini iliguswa na nani mara ya mwisho?

Nilipomaliza kujibu akasema, "Baba, throto iliyokufa haifufuki kwa kuzimwa na kuwashwa. Hapa tutafute waya au soketi kwanza."

Alichomeka chini ya usukani kifaa kidogo kinachozungumza na simu yake, na kwenye kioo cha simu ikatokea namba P2135. Hapa ndipo wengi wanapotapeliwa, pengine na fundi asiyejua kwamba anatapeli. Namba hiyo haisemi "nunua throto". Inasema kwamba sensa mbili za throto zimetoa habari zisizolingana, na haielezi kwa nini. Dada yake, P2138, husema hivyo hivyo kuhusu sensa za pedali. Zipo nyingine, kama P2111 na P2112, zinazosema mlango umekwama ukiwa wazi au ukiwa umefungwa, na hizo mara nyingi huletwa na masizi. Namba ni jina la mtaa ambamo kosa linaishi, na nyumba bado hujaambiwa. Yupo atakayekufutia namba hiyo kwa kubonyeza kitufe, alipwe, na taa irudi kabla hujafika kwako. Huyo hajatengeneza kitu.

Kijana hakuigusa throto bado. Alianza na betri. Umeme dhaifu huzifanya sensa zizungumze kama walevi, na watu wamenunua vifaa vya bei kubwa kumbe betri imechoka au waya wa eathi umelegea kwenye bodi. Mita ilisoma volti 12.5 gari likiwa limezimwa na zaidi ya 14 injini ikiunguruma. Betri nzima, altaneta nzima. Akafuata waya za eathi kwa mkono, akazikuta zimekaza.

Kisha akataka kupima ishara za sensa moja kwa moja kwenye soketi ya throto, soketi ikiwa mahali pake. Ncha za mita zilikuwa nene. Kutoboa ngozi ya waya alikataa, kwa kuwa tundu dogo leo ni kutu ya kijani baada ya masika mawili. Mke wangu, aliyekuwa ameketi kwenye benchi na watoto, akachomoa pini mbili za ushungi wake akampa. Alizipenyeza kwa nyuma ya soketi taratibu, zikagusa chuma, naye akashika ncha za mita juu yake.

Nikaambiwa nifungue swichi bila kuwasha injini, nikanyage pedali polepole kama mtu anayekanyaga yai. Ishara ya kwanza ilianzia karibu volti 0.7, ikapanda bila kurukaruka hadi kukaribia 4. Ya pili ilianzia juu zaidi, ikapanda nayo. Kama sensa ingekuwa imelika, mahali fulani katikati ya safari hiyo namba ingeruka au kuanguka. Haikuanguka. "Throto yako nzima," akasema. Akashika fungu la waya linaloingia kwenye soketi, akalitikisa kama barabara inavyolitikisa. Ishara ya pili ikaporomoka hadi sifuri, ikarudi, ikaporomoka.

Laki nne yangu ilikuwa pale, katika waya usiozidi unene wa unyasi.

Alipofungua utepe mweusi tuliona kilichotokea. Mtu aliyelisafisha gari miezi kadhaa nyuma, katika gereji moja ya mjini, alilifunga fungu la waya kwa kamba ya plastiki, akalikaza mno kwenye bomba lililo jirani. Injini hucheza, bomba halichezi. Kila tuta la barabara liliuvuta waya huo hadi nyuzi zake za shaba zikakatika ndani ya ngozi, zikawa zinagusana na kuachana. Nje haukuonekana na kasoro yoyote.

Alikata kipande kibovu, akaunga kipande kipya kwa kulehemu kwa risasi, akakifunika kwa mpira unaojibana ukipashwa moto, akauachia waya ulegevu wa kutosha kufuata mchezo wa injini. Kusokota kwa vidole na kuzungushia utepe hakufai hapa. Katika waya wa taa ungestahimili; katika waya wa sensa, ambapo sehemu ndogo ya volti hubadili maana ya ujumbe, utarudi njiani.

Kwa kuwa bomba la hewa lilikuwa limekwisha funguliwa, alinionesha mdomo wa throto. Kingo za kibati zilikuwa na masizi meusi yenye mafuta. Hutokana na mvuke wa mafuta ya injini unaorudishwa kwenye njia ya hewa, ukakutana na vumbi lililopita katika chujio duni. Masizi yakizidi, mlango hukwama, na gari likiwa limesimama mngurumo wake, ambao mafundi huuita sailensa, hupanda na kushuka, au huzima kabisa unapopunguza mwendo kuingia njia panda. Barabara kama ya Idodi hulichosha chujio la hewa haraka kuliko kitabu cha gari kinavyosema. Chujio la bei ya kutupa lisilokaa sawasawa katika kasha lake ni sawa na kutokuwa nalo.

Usafishaji una adabu zake. Betri ifunguliwe kwanza, kwa sababu mota ya throto ina nguvu ya kubana kidole, na kulazimisha kibati kwa bisibisi huweza kuvunja meno ya gia za plastiki zilizo ndani. Dawa ya kusafishia throto inyunyizwe kwenye kitambaa laini kisichoacha nyuzi, si kumiminwa ovyo mpaka iingie kwenye mota. Msasa usitumike kabisa.

Na jambo moja linalowashangaza watu: baada ya kusafisha, gari huweza kuunguruma juu kuliko mwanzo, mwenyewe akadhani limeharibiwa. Kompyuta ilikuwa imeuzoea uchafu. Ilijifunza kufungua mlango zaidi kidogo ili hewa ipite penye masizi, na sasa masizi hayapo. Inabidi ifundishwe upya. Katika Toyota nyingi hutosha kuondoa umeme wa betri kwa dakika kadhaa, kisha kuwasha bila kugusa pedali na kuliacha lipate joto. Nissan nyingi zina utaratibu wake maalumu wa kufundishwa, wa kukanyaga na kuachia pedali kwa kuhesabu sekunde au wa kutumia mashine, na fundi asiyeujua asianze kazi.

Kijana wa Idodi alitaka elfu kumi na tano. Alinipa na kile kipande cha waya kilichokatika, bila kuombwa.

Nilikitazama njia nzima ya kurudi, nikakumbuka kwamba hata mabingwa wa dunia waliwahi kubishana juu ya mlango huu huu. Agosti 2009, karibu na San Diego huko California, gari aina ya Lexus lilikimbia bila kusimama, na askari wa doria ya barabara kuu pamoja na jamaa zake watatu wakafa. Uchunguzi ulielekeza kwenye zulia la sakafuni lisilo la gari lile, lililoikamata pedali ikiwa chini. Toyota iliita mamilioni ya magari, kwanza kwa ajili ya mazulia, na Januari 2010 magari milioni 2.3 kwa ajili ya pedali zilizokuwa zikinata. Wamarekani wengi waliamini mchawi ni kompyuta. Serikali yao ikawakabidhi kazi wahandisi wa NASA, na baada ya miezi kumi, Februari 2011, ikatangazwa kwamba hawakupata kasoro ya kielektroniki inayoweza kuleta ule mwendo wa hatari. Walichothibitisha ni mazulia na pedali zinazonata. Mabishano hayakuisha hapo. Oktoba 2013 baraza la wazee wa mahakama huko Oklahoma liliihukumu Toyota katika ajali ya mwaka 2007, baada ya kusikiliza mtaalamu aliyeikosoa programu ya kompyuta yake.

Lakini faini iliyoishtua dunia, dola bilioni 1.2 za Machi 2014, haikutozwa kwa sababu gari lilikuwa na kasoro. Ilitozwa kwa sababu kampuni iliwapotosha wateja kuhusu kasoro ilizokuwa ikizijua. Waislamu hatukuhitaji mahakama ya Marekani itufundishe hilo. Tunakijua kisa cha Mtume (SAW) alipopita sokoni, akaingiza mkono katika fungu la chakula, akakuta unyevu chini, akamhoji muuzaji kwa nini hakuuweka juu watu wauone. Anayeuza gari huku akijua taa ya injini imezimwa kwa kufuta namba asubuhi ile, ameficha unyevu chini ya fungu. Na fundi anayepokea mali ya watu ana amana na dhamana. Wanazuoni wa fiqhi wameandika kurasa nyingi juu ya fundi aharibuye alichokabidhiwa. Sidai kwamba yule wa mjini alidhamiria kunila. Naamini alitabiri tu, kama wengi wanavyotabiri, na utabiri wake ungenigharimu laki nne na waya ungebaki umekatika.

Dada na mama zetu wanaoendesha wenyewe, ambao baadhi ya gereji huwaona kama shamba lisilo na mwenyewe, wasione haya kuuliza namba iliyosomwa ni ipi na kuiandika kabla haijafutwa, kuomba waoneshwe kipimo kinachothibitisha kifaa kimekufa, na kudai kifaa cha zamani warudishiwe. Fundi mwaminifu hachukii maswali hayo. Nyumbani nako tuna sehemu yetu. Kuosha injini kwa maji ya shinikizo huingiza maji ndani ya soketi. Kitambaa chenye unyevu kinatosha. Gari linalolala jirani na ghala la mpunga litazamwe waya zake, maana panya hawabagui. Na sakafu ya dereva ibaki na zulia moja, linalolingana na gari, lililonasa kwenye vishikizo vyake. Nimeona miswala ya safari ikikunjwa na kusukumwa pale miguuni kwa haraka ya kuondoka baada ya swala. Mswala uwekwe nyuma.

Ikitokea gari likakimbia bila amri yako, kanyaga breki kwa nguvu zote na usiachie. Kupampu hupoteza nguvu ya breki. Weka gia kwenye N hata kama injini itapiga kelele, elekea pembeni, na uzime likishasimama. Usichomoe ufunguo likiwa katika mwendo, usukani utajifunga. Wafundisheni watoto wenu waliofikia umri wa leseni, kwa vitendo, uwanjani, gari likiwa katika mwendo mdogo.

Tulirudi Iringa jioni ile kwa matuta yale yale, na taa haikuwaka. Pini za ushungi hatukurudishiwa. Kijana aliomba abaki nazo, kwa kuwa hajawahi kupata ncha nyembamba kama zile, na mke wangu akamwongezea mbili.